Hotuba Iliyoliza Ukumbi Mzima

Wifi yangu tunamwita Spika, na jina hilo nilimpa mimi, tena kwa shari. Siku nilipopelekwa kwao kutambulishwa, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri mchumba wangu aniseme vizuri mbele ya mama yake. Mchumba wangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Akainua mikono, akaeleza kwa kirefu, mpaka jasho likamtoka. Dada yake, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, akatafsiri bila hata kuacha kisu: "Mimi nimempenda huyu kwa sababu anajua kunyamaza." Mama mkwe akacheka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Lugha ya alama wakati huo nilikuwa sijui hata neno moja, lakini sikuamini kwamba mtu atoke jasho lote lile kwa maneno machache kiasi hicho. Nikamwambia, "Wewe spika gani, unameza nusu?" Jina likamganda, na sisi tukawa marafiki wa kugombana.

Kazi yake ni ukalimani wa lugha ya alama. Huitwa mahakamani, hospitalini, kwenye mikutano ya kampeni, kwenye mahubiri, popote penye kiziwi na mtu mwenye jambo la kumwambia. Kazi hiyo ina sharti moja ambalo lilinichukua muda kulizoea: mkalimani hasemi "yeye." Mshtakiwa akisema kwa mikono kwamba ameiba kuku, wifi yangu humtazama hakimu usoni na kusema, "Mimi nimeiba kuku." Daktari akisema uvimbe umesambaa, wifi huinua mikono na kumwambia mgonjwa, "Mimi naona uvimbe wako umesambaa." Jioni hufika kwangu, huvua viatu mlangoni, hujitupa kwenye kochi. "Wifi, leo nimeiba, nimefumaniwa, halafu nimefiwa na mume. Nipe chai."

Alianza kazi hiyo kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Walizaliwa wawili tu, yeye na huyo mdogo wake, ambaye sasa ni mume wangu, na mama yao alikuwa mpishi wa hospitali, anatoka alfajiri. Kila alikokwenda mdogo, dada alipelekwa naye. Ndiye aliyemweleza daktari mdogo wake anaumwa wapi. Ndiye aliyemweleza mwenye duka kwamba mtoto hakuiba, alikuwa anagusa tu. Umri wa shule ulipofika, shule haikuwa na mahali pa kiziwi. Mdogo akawekwa benchi la nyuma, akachapwa kwa kutojibu, akachapwa tena kwa kulia kwa sauti ya ajabu, mwisho akatolewa. Akawa anakuja kusimama nje ya dirisha la darasa la dada yake. Wifi anasema mwaka ule hakuwahi kuusoma ubao sawasawa, macho yake yalikuwa dirishani. Wakati wa mapumziko alitoka akamfundisha kila alichosikia, kwa alama walizozitunga wenyewe. Hivyo ndivyo mume wangu alivyojua kusoma. Baadaye akaingia kwenye useremala, na leo makabati yake yako kwenye nyumba za watu wasiojua hata kumsalimia.

Binti yetu naye alizaliwa hasikii. Lakini yeye alikuta neema. Shule ya msingi ya mtaani ilikuwa imefungua darasa la viziwi: vyumba vitatu nyuma ya jiko la shule, walimu wawili wenye lugha ya alama, meza zimepangwa nusu duara ili kila mtoto aione mikono ya mwenzake. Mwanangu aliingia pale akiwa mtoto wa kung'ata na kurusha vikombe, maana hakuna aliyekuwa anaelewa anachotaka. Kabla ya likizo ya kwanza alirudi nyumbani akamwuliza baba yake kwa nini mwezi unapungua. Mume wangu aliacha kula. Alitoka nje akamwonyesha mwezi, akachukua chungwa na tochi, wakakaa uani wawili hao, mikono inapepea, mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikaa mlangoni nikimshukuru Mungu, na sikuona haya kulia.

Ndilo darasa hilo walilotaka kulifunga.

Mpango wa ofisi ya elimu ulikuwa na jina zuri, elimu jumuishi. Watoto wote wakae pamoja, asitengwe mtu. Vyumba vitatu vya nyuma viwe vya kompyuta. Walimu wawili wa lugha ya alama wapangiwe kazi kwingine. Na watoto wetu wakae katika darasa la kawaida mbele ya mwalimu ambaye hajui hata alama ya "maji." Mimi ni dobi, sikusoma sana, lakini nilipoelezwa nilihisi kama mtu amenifunga kitambaa usoni. Wakatangaza mkutano wa wazazi wote wa shule ukumbini, afisa elimu atazungumza, wazazi wa viziwi watoe msemaji mmoja, kisha uamuzi utolewe palepale. Msemaji akachaguliwa mume wangu. Mkalimani atakuwa nani, hapakuwa na haja ya kuuliza.

Ugomvi ukaanzia jikoni kwangu, na mimi katikati nikiwa na mwiko.

"Sikiliza," wifi alisema, kwa mdomo na mikono pamoja, kama afanyavyo akiwa na hasira. "Mimi nimekuwa mdomo wa watu maisha yangu yote. Najua hotuba ipi inafika na ipi inaishia hewani. Kuna mtu anasimama anasema, niaminini kwa sababu ni mimi. Huyo awe na cheo, na wewe huna. Kuna anayepanga hoja moja juu ya nyingine kama matofali. Huyo watamsikiliza huku wanaangalia simu. Halafu kuna anayewashika watu moyo mpaka wanalia. Walize, mdogo wangu. Walize hao."

Mume wangu alikuwa anapiga msasa mguu wa stuli. Akaweka msasa chini, akajibu kwa mikono, "Sitaki."

Wifi akamletea mfano wake mkubwa, wafagiaji wa barabara. Walikuwa wakiokota vioo na sindano kwa mikono mitupu. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alisimama mbele ya madiwani, hakutaja sheria wala kifungu. Alinyoosha kiganja chenye kovu akasema, "Kiganja hiki ndicho ninachomshikia mjukuu wangu." Akakaa. Wifi alikuwepo akimtafsiria mfagiaji mmoja kiziwi, na anakula yamini kwamba diwani mmoja alitoka nje kupenga kamasi. Glovu zikanunuliwa upesi. Kisha akamletea mfano wa pili, wapangaji waliotolewa kwenye nyumba zao. Msemaji wao alikuwa kijana msomi, hotuba yake haina hata ufa: mkataba unasema hivi, notisi haikutolewa, sheria iko hivi. Mwenyekiti wa baraza alipiga miayo. Wapangaji wakalala nje na magodoro yao.

"Waulize wafagiaji hizo glovu ziko wapi sasa," mume wangu akasema.

Wifi akavuta kiti akakaa.

"Zilichanika. Walipokwenda tena waliambiwa, nyinyi si tuliwapa juzi? Kwa sababu walipewa. Mtu akikuonea huruma anakupa anachotaka yeye, akichoka anaacha. Yule kijana ameshindwa, lakini alichosema bado ni kweli. Kesho mwingine anaweza kuanzia alipoishia."

"Na usiku ule alilala wapi huyo mwenye ukweli?" wifi akauliza.

Niliwatazama huyu na yule. Kila mmoja alikuwa na lake la kweli, ndiyo maana nilichoka. Nilimwambia wifi apunguze mikono, atanimwagia sufuria.

Hotuba yake mume wangu aliipanga kama anavyopanga kabati, anajua kila ubao utakaa wapi. Aliifanyia mazoezi mbele yangu na binti yetu, sisi ndio ukumbi. Angeanza kwa kukubali maneno ya afisa: sawa, watoto wakae pamoja. Kisha angesema, naomba niwafundishe somo moja la kuokoa maisha yenu. Hapo mkalimani angefunga mdomo. Mume wangu angefundisha kwa lugha ya alama tupu, kwa kasi ya kawaida, bila kuigiza wala kuchora hewani, nini cha kufanya nyumba ikinuka gesi: usiwashe taa, usiguse kiberiti, toa watoto kwanza, fungua dirisha, fungua mlango, funga mtungi. Akimaliza, angemnyooshea kidole mtu wa mbele amrudie alichosema. Mtu yule angebaki mdomo wazi. Ndipo mkalimani angerudisha sauti, na mume wangu angesema: "Hiyo ndiyo siku ya mwanangu mkifunga lile darasa. Na kesho yake. Na kila siku mpaka amalize shule."

Niliposikia mpango huo nilimwambia, waonye kwanza kwamba mkalimani atanyamaza, wasije wakafikiri kuna hitilafu. Akakataa. "Mtoto haonywi," alisema. "Hakuna anayemwambia asubuhi, leo hutaelewa kitu."

Wifi hakuupenda mpango. Mkalimani akinyamaza watu hudhani kazi imemshinda. Hakimu mmoja aliwahi kumfokea mbele ya watu wote kwa kutafuta neno tu. "Mdogo wangu, hujui ukimya ulivyo kule kwetu," alimwambia. "Sisi tunaosikia hatuuvumilii." Mume wangu akamshika mikono yote miwili, jambo ambalo kwa kiziwi ni kama kumziba mtu mdomo, akamtazama machoni. Kisha akamwachia akasema, "Hata wakikutukana, usifungue mdomo." Wifi akaapa. Mimi ni shahidi.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikaa safu za mbele na binti yangu, nimemsuka vizuri, sare imenyooka, maana pasi ndiyo kazi yangu. Afisa elimu akapanda jukwaani. Nilitarajia jitu lenye kiburi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani, anayesalimia wazee kwanza.

"Ndugu wazazi, mnanijua," alisema. "Kabla ya kuwa afisa nimeshika chaki. Mama yangu alikuwa anafagia shule kama hii, na mimi nilikuwa nakaa mlangoni namsubiri, nawatazama wenzangu wanasoma. Najua maana ya kukaa nje. Ndiyo maana nasema, hatuwezi kuendelea kuwaficha watoto wengine nyuma ya jiko kana kwamba tunawaonea haya. Waje mbele! Wakae na wenzao!"

Makofi yakalipuka. Hata mimi mikono ilitaka kupiga. Hotuba nzuri inaweza kuja kukunyonga na bado ukaisifu. Wifi alikuwa pembeni ya jukwaa akiitafsiri yote kwa mikono, na alipofika kwenye "najua maana ya kukaa nje" niliona anairudia alama ileile mara mbili.

Zamu ya mume wangu ikafika. Kawaida wifi angekaa mbele yake, aonane naye. Lakini waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi, fundi mitambo akamsogeza nyuma, akasimama mgongoni kwa mume wangu, karibu na pazia; hotuba yenyewe alikuwa ameshaijua kwa moyo. Mume wangu akawatazama watu, akaanza.

"Mimi ni seremala," ilisema sauti ya wifi. "Sikuja kuomba. Afisa amesema watoto wakae pamoja. Nimekubali. Sasa naomba niwafundishe somo moja la kuokoa maisha yenu."

Hapo sauti ikakatika, kama walivyokubaliana. Mume wangu akaendelea kwa mikono, taratibu, ana uso wa mwalimu. Mwanzo watu walitulia. Kisha wakaanza kugeuzana. "Mashine imekufa!" akapayuka mmoja. Fundi mitambo akakimbilia spika akaigonga gonga. Vijana wa nyuma wakacheka, mmoja akaanza kuiga mikono ya mume wangu, na cheko likatembea. Mume wangu aliwaona, hakujali. Alikuwa amelitegemea hilo. Afisa akainama mbele. "Mama mkalimani, tafsiri. Vipi?" Wifi akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Mzee mmoja nyuma yangu akasimama akajipangusa suruali. "Wanatupotezea muda hawa," alisema, na wengine wakasimama naye, viti vikaburuzwa. Safu nzima ikaanza kuelekea mlangoni.

Nilijisemea moyoni, kaza, Spika. Kidogo tu, kaza.

"Mimi nilikuwa nasimama nje ya dirisha," wifi akasema.

Wale wa mlangoni wakageuka.

"Nilikuwa mtoto mdogo. Ndani wenzangu wanasoma, mimi niko nje. Nilichapwa kwa sababu sikujibu. Nilichapwa kwa sababu nililia. Walikuwa wanafungua midomo, na mimi sikujua kama wananiita au wananifukuza. Nilisimama dirishani pale mvua ikininyeshea, na hakuna hata mmoja aliyefungua."

Wakati huohuo mume wangu alikuwa amefika kwenye kufungua dirisha ili gesi itoke. Mikono yake ikasukuma mabawa mawili hewani. Watu waliona dirisha, wakasikia dirisha. Nani angetia shaka? Mwanamke niliyekaa naye akapiga ukelele mdogo akanikamata mkono.

Aliyoyasema wifi hayakuwa uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yote yalitokea. Lakini uchungu wa lile dirisha ulikuwa wa wifi mwenyewe. Mimi nimewahi kumwuliza mume wangu kuhusu lile dirisha, akaniambia alipapenda pale kwa sababu palikuwa na jua na alikuwa anamwona dada yake. Aliyekuwa analia ni dada, akiwa ndani. Ile "mimi" iliyokuwa inatoka kwenye kipaza sauti ilikuwa mimi yake mwenyewe, aliyokuwa ameikalia tangu utotoni, siku zote anasema mimi za watu wengine, na sasa ilikuwa imepata mlango.

Niliinua mkono nimshtue mume wangu. Kisha nikamwona afisa elimu anavua miwani na kutoa kitambaa. Nikauteremsha. Nilifikiri, labda wifi ndiye mwenye akili. Labda huku ndiko kushinda.

Mume wangu alianza kupungua kasi. Aliwaona wanalia. Safu ya kwanza, ya pili, wanaume wazima wanajifuta kwa mikono ya mashati. Alinitazama mimi, nyusi juu, kama anayeuliza, kuna nini? Mimi nikatazama chini. Akamaliza somo lake hivyohivyo, maana yeye haachi kazi nusu. Akamnyooshea kidole baba mmoja wa mbele ili amrudie alichofundisha. Yule baba akainuka, akapanda jukwaani, akamkumbatia, akalia begani kwake. Ukumbi mzima ukasimama. Mwanamke wa pembeni yangu akamvua mwanawe sweta, akamvisha binti yangu, ambaye hakuwa na baridi wala hakujua kulikoni.

Afisa elimu akarudi kwenye kipaza sauti.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Huyu ndugu ameteseka kwa sababu alitengwa. Alisimama nje, wenzake wako ndani. Mimi naapa mbele yenu, hakuna mtoto wa shule hii atakayesimama nje tena. Darasa la nyuma linafungwa muhula ujao, na watoto hawa wanaingia ndani pamoja na wenzao. Na mimi binafsi nitatafuta wafadhili wawape sare na mikoba. Asante, ndugu yangu. Maneno yako yamenimaliza."

Makofi yalitikisa mabati.

Ilibidi wifi atafsiri. Hakuwepo mwingine. Alizunguka akasimama mbele ya mdogo wake, akainua mikono, na kwa sharti la kazi yake ikabidi aseme "mimi." Mimi nalifunga darasa. Mimi nawaingiza ndani, kwa sababu ya maneno yako. Sijawahi kuona mikono yake inasema vibaya hivyo. Ilikuwa kama mikono ya mtu anayejifunza leo.

"Maneno yangu yapi?" mume wangu akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Hakusema hivyo!" nilipiga kelele. "Hajasema habari ya dirisha! Alikuwa anafundisha gesi! Mwulizeni kuhusu gesi!" Nasikia mpaka leo jinsi nilivyosikika. Watu walinigeukia wakiwa na nyuso laini za huruma. Yule mwanamke akanishika mabega akaniambia, "Pole, mama, pole, kaa." Afisa akasema, "Mama, tunaelewa uchungu wako." Watu waliokwisha kulia hawataki tena hoja, wanaona kazi yao wameimaliza. Ukumbi ukaanza kumwagika nje, wanapeana mikono kama waliotoka kutenda jema.

Jukwaani wifi alikuwa anamweleza mdogo wake yote, neno kwa neno, hakumeza hata moja. Nilimwona mume wangu anaelewa. Hakupandisha mikono kugombana. Alifumba macho tu, akabaki ameyafumba. Wifi akamgusa bega, hakufumbua. Akamtikisa. Kiziwi akifumba macho hakuna njia nyingine ya kumfikia, na hilo wifi alilijua kuliko sisi sote. Akaanza kumwambia kwa mdomo, kwa sauti kubwa, yeye ambaye hajawahi kumsemesha mdogo wake kwa mdomo mtupu tangu wazaliwe. "Walikuwa wanaondoka! Ulitaka nifanye nini? Walikuwa wanaondoka!" Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Mtu mmoja mlangoni akapiga makofi tena.

Tulikwenda ofisini kwa afisa baadaye, mimi na wazazi wengine. Alitupokea kwa heshima, akatukaribisha viti. Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, kwa upole uleule, "Lakini mama, ni mume wako mwenyewe aliyesema." Nikamwambia ni mkalimani. Akauliza kama mkalimani huyo si dada yake wa damu. Nikasema ndiye. Akafungua mikono yake, kisha akainuka kutusindikiza mlangoni.

Muhula ukafunguliwa. Vyumba vya nyuma vikapigwa rangi, makasha ya kompyuta yakaingizwa. Walimu wetu wawili walikuja kutuaga wakalia kuliko sisi. Wifi alikwenda kuomba akae pembeni ya darasa jipya la binti yangu, atafsiri bure, aache kazi zake zote. Mwalimu alimkubalia kwa roho nzuri. Lakini watoto wanaosikia waliacha kutazama ubao, wakawa wanatazama mikono ya wifi, wanaiga, wanacheka, somo haliendi. Mwalimu ana darasa limefurika, simlaumu. Wifi akaambiwa asirudi.

Kwetu alikuwa bado anakuja. Mume wangu hakumfukuza. Alimvutia kiti, alimsogezea chai, akainamia mbao zake. Ukitaka kumwona mtu amekata tamaa, mtazame mkalimani amekaa chumba kimoja na ndugu yake, mikono iko mapajani, anasubiri atazamwe. Mimi nilijaribu kumtania kama zamani. Nikamwuliza leo ameiba nini. Akasema, "Leo sijaenda kazini, wifi." Kesho yake akasema hivyohivyo.

Jioni moja tulikuwa uani, mimi naanika mashuka ya watu, wifi ananipa vibanio. Binti yangu alikuwa anacheza peke yake. Alikuwa amepanga ndala zetu zote mistari minne, kama wanafunzi, na yeye amesimama mbele na kijiti. Ni mchezo wake wa siku zote, alikuwa akizifundisha ndala kila kitu alichojifunza, mikono inaruka mpaka unamwonea huruma kwa kuchoka. Siku hiyo mikono alikuwa ameiweka nyuma ya mgongo. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Anafungua, anafunga. Hakuna sauti, hakuna neno. Akigeuka kwenye ukuta anaandika kitu kwa kijiti, anageuka tena kwa ndala, anafungua mdomo.

Wifi aliviacha vibanio. Alikwenda akakaa chini mwishoni mwa mstari, pamoja na ndala, akainua mkono kama mwanafunzi anayetaka kuuliza. Kisha akaanza kumwuliza kwa alama, taratibu, somo ni la nini.

Binti yangu akamwendea. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule uso wa mwalimu mwenye kazi nyingi. Akaishika mikono ya shangazi yake, mmoja mmoja, akaishusha, akaiweka juu ya mapaja, akaipigapiga kidogo ili itulie hapo. Kisha akarudi mbele akaendelea na somo.

Wifi yangu aliiacha mikono palepale ilipowekwa. Mimi niliendelea kuanika.